Pancha ya ghafla kwenye pikipiki: mwongozo kamili kuanzia sekunde ile tairi linapoishiwa upepo mpaka unapoondoka tena

Wakuu habari za saa hizi. Leo naandika kitu ambacho natamani mtu angeniambia siku naanza kuendesha pikipiki, maana leseni nilifundishwa kuitafuta, alama za barabarani nikafundishwa, lakini hakuna aliyekaa na mimi akanionyesha nifanye nini tairi la nyuma likiisha upepo ghafla nikiwa porini, nina mzigo, na kijiji cha karibu kiko kilomita 9 mbele.

Naongelea hizi pikipiki zetu za kazi, Boxer, TVS, na ndugu zake, cc 100 mpaka 150, rimu ya spoku, tairi la inchi 17 lenye tyubu ndani. Za tyublesi (tairi lisilo na tyubu ndani) nitazigusa kidogo mbeleni. Mimi siyo fundi wa kusomea, ni mtu wa barabarani tu, ila nimeziba pancha nyingi kwa mikono yangu na nimeharibu tyubu kadhaa kabla sijajua, kwahiyo ninachoandika hapa nimekipitia.

Na nianze na jambo lenyewe kabisa ili hata ukiishia hapa uwe umepata: pancha haijazibwa mpaka umekipata kitu kilichotoboa. Kiraka ni nusu ya kazi. Mwaka juzi nilitoka Mpwapwa naelekea Kibakwe, nyuma nimefunga gunia la karanga, nikapata pancha tairi la nyuma. Nikaziba kwa fundi mmoja wa njiani, nikaenda kama kilomita 4, ikaisha tena. Nikatoa mwenyewe, nikaziba, nikajaza, nikaondoka, haikufika hata nusu saa ikaisha mara ya tatu. Nikaanza kuilaumu solusheni (gundi ya kubandikia kiraka), nikalaumu kiraka, nikalaumu tyubu. Nikasukuma mpaka kwa mzee mmoja ana pampu ya mguu chini ya mbuyu, akaniangalia akasema "kijana wangu, hebu kwanza usiniletee tyubu, niletee tairi." Akaligeuza ndani nje taratibu kama mtu anayechambua mchele, akapitisha kitambaa cha pamba mle ndani, kitambaa kikakwama. Pale kilipokwama palikuwa na ncha ya mwiba wa mgunga, ndogo kuliko punje ya mchele, imekatikia ndani ya mpira, kwa nje huoni kitu. Mara zote tatu ilikuwa ni yenyewe. Tangu siku hiyo sirudishi tyubu kabla sijapitisha kitambaa.

Sasa twende mwanzo.

Ukiwa kwenye mwendo, tairi likianza kuisha

Tairi la nyuma likiisha utahisi mkia wa pikipiki unacheza, unaenda kushoto kulia kama unapita kwenye mchanga wakati upo kwenye lami. La mbele likiisha usukani unakuwa mzito na pikipiki inakataa kukata kona, unaivuta haiji. La mbele ndilo baya zaidi, hilo lisikie sana.

Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya ni kushtuka na kukanyaga breki yote. Usifanye hivyo. Rudisha mafuta taratibu, shika usukani kwa mikono miwili bila kuukaba, usikate kona ya ghafla, acha mwendo upungue wenyewe. Ukihitaji breki basi tumia ya tairi lililo zima: nyuma imeisha, tumia ya mbele kidogo kidogo, mbele imeisha, tumia ya nyuma. Tairi lisilo na upepo ukilibana breki linaweza kuteleza kwenye rimu, valvu (ile pua ya kujazia upepo) inang'oka, au lenyewe linachomoka, na hapo unaanguka. Angalia kioo, washa indiketa ya kushoto, toka barabarani kabisa, siyo pembeni ya mstari, ninaposema kabisa namaanisha malori yanapita bila kukusogelea.

Kama una abiria mwambie kwa sauti "tumepata pancha, kaa hivyo hivyo usitikisike", maana abiria akihisi pikipiki inacheza anataka kuruka au anakushika mabega, vyote viwili vinaangusha. Mkishasimama ashuke kwanza yeye, halafu mzigo, ndio uanze kuangalia tairi. Na abiria usimuweke juani saa nzima akusubiri, mpigie mwenzako wa kijiweni aje amalizie, pesa mtagawana kwa umbali, na abiria atakutafuta tena kesho kwa sababu hukumtelekeza.

Pa kusimama

Tafuta ardhi ngumu na tambarare, stendi ya kati kwenye mchanga inazama na pikipiki inakulalia ukiwa umechomoa gurudumu. Kama hakuna ardhi ngumu weka jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya stendi. Kivuli kikiwepo chukua, kuziba pancha kwenye jua la saa saba ni kazi mara mbili. Usisimame kwenye kona wala chini tu ya kilima, dereva anayekuja hakuoni mpaka ameshafika. Weka matawi nyuma yako kama hatua 30 hivi kuwaonya wenye magari, na ukimaliza tafadhali yatoe, mwenye pikipiki mwenzako atapita hapo usiku.

Kuna sehemu mbili hizi kanuni zinabadilika. Ya kwanza ni hifadhini. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, na mle kuna tembo, nyati, simba, siyo sehemu ya kukaa chini unachomoa gurudumu huku umeyapa kisogo majani marefu. Mle angalia upepo kabla hujaingia, na ikitokea imeisha kaa barabarani panapoonekana mbali, usiingie vichakani hata kujisaidia, simamisha lori au fuso uombe wapakie pikipiki mpaka ng'ambo. Madereva wa malori wengi ni waungwana kwenye hili, mpe cha maji tu.

Ya pili ni usiku sehemu usiyoielewa. Misumari mingine inategwa. Tairi likiisha kwenye giza na unaona watu wanatokea haraka kuja "kukusaidia", usisimame, nenda hivyo hivyo polepole mpaka penye taa na watu, tyubu itakufa, tairi labda nalo litakufa, vyote vinauzwa dukani. Hiyo ndiyo sababu pekee nitakayokubali ya kuendesha pikipiki juu ya pancha.

Kwa sababu gani nasema pekee? Tairi lisilo na upepo ukiliendesha kilomita 2 tu, tyubu inajikunja ndani na kusagika, inatoka na matobo 10 badala ya moja, ukingo wa tairi ule wenye waya ndani unakatika, rimu inapiga mawe inapinda, spoku zinalegea. Umeokoa nusu saa umenunua tairi. Kama lazima isogee, shuka, tembea pembeni yake, injini iwake, gia namba moja, klachi unaiachia kidogo kidogo, iende mwendo wa mguu huku umeishika. Nimeona pia watu wanajaza majani makavu ndani ya tairi mpaka linakuwa gumu halafu wanaendesha taratibu mpaka kijijini, inasaidia kwa umbali mfupi pale ambapo tyubu imeshakufa kabisa na huna nyingine.

Kabla hujafungua chochote, angalia

Hapa watu wanaharakisha. Wewe pumzika dakika 2, kunywa maji, zungusha gurudumu polepole mzunguko mzima ukiangalia kila sehemu ya mpira. Ukiona msumari usiung'oe hapo hapo, weka alama kwa chaki, kalamu au hata tope, maana ukiung'oa tobo linajifunga na utalitafuta mpaka jioni.

Halafu angalia valvu. Tema mate kidogo juu ya tundu la valvu, ukiona yanatoa mapovu shida siyo pancha, ni kile kipini cha ndani kimelegea au kimeingia uchafu, kikaze kwa kile kifuniko cha chuma chenye mdomo, jaza upepo, ondoka. Niliwahi kushusha gurudumu zima kwa kosa la valvu, kwahiyo mate kwanza. Ukikuta valvu imelala upande haijasimama wima, ujue tyubu imejizungusha ndani na shingo ya valvu inaweza kuwa imechanika, hapo kiraka hakishiki, ni tyubu mpya.

Jaza upepo usikilize. Kama inatoka taratibu sana, pancha ya kuvizia, na kijiji ni kilomita 5, jaza nenda, simama jaza tena, ufike kwa fundi. Siyo kila pancha lazima uizibe porini.

Vitu vya kubeba chini ya siti

Spana ya nati ya ekseli (kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu) ya nyuma na ya mbele. Namba usichukue kwangu, toka nje sasa hivi ujaribu kwenye pikipiki yako, kwa sababu zinatofautiana na hii spana ukiikosa mengine yote hayana maana. Koleo. Tairi leva (vyuma vya kutolea tairi kwenye rimu) mbili, tatu ni raha zaidi, zile bapa zenye ncha iliyozungushwa. Bisibisi siyo tairi leva, bisibisi inatoboa tyubu na utaziba tobo ulilolitengeneza mwenyewe. Tyubu moja mpya ya saizi ya nyuma, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ili isisuguane na vyuma. Nasema ya nyuma kwa sababu nyuma ndiyo inayobeba uzito na ndiyo inayotoboka zaidi, na kwa dharura tyubu ya 3.00-17 inakubali kukaa kwenye tairi la mbele la 2.75-17. Viraka, solusheni (angalia isiwe imekauka ndani, ikishafunguliwa inakauka yenyewe baada ya muda), msasa kipande, pampu ndogo ya mkono au ya mguu, kitambaa cha pamba, kipande cha sabuni, tochi. Vyote hivi vinaingia kwenye mfuko mmoja wa ukubwa wa mkate.

Huna pampu? Omba kwa mwenye baiskeli yeyote, valvu zetu zinaingiliana na pampu nyingi za baiskeli hizi za mlimani. Au simamisha lori, malori yana tanki za upepo wa breki na madereva wengi wana mpira wa kujazia. Ila mwambie aweke kidogo kidogo, upepo wa lori una nguvu sana, usigeuze shingo ukaanza kuongea.

Njia ya mkato: kuziba bila kushusha gurudumu

Kama tobo umeliona lilipo, huna haja ya kuchomoa gurudumu. Pandisha kwenye stendi ya kati, geuza tairi mpaka sehemu yenye tobo iwe karibu yako, toa upepo wote uliobaki, sukuma ukingo wa tairi upande mmoja utoke kwenye rimu eneo hilo tu, kama robo ya duara, ingiza mkono vuta tyubu kipande, ziba, rudisha. Valvu inabaki mahali pake. Mafundi wa barabarani wanafanya hivi kila siku na dakika 15 unaondoka. Haifai tobo likiwa karibu na valvu, na haifai kama hujui tobo liko wapi.

Kushusha gurudumu la nyuma

La mbele ni rahisi, unafungua nati, unavuta ekseli, unachomoa waya wa spidi na breki, basi. La nyuma ndilo lina mambo.

Kabla ya spana yoyote toa simu piga picha upande wa kulia na upande wa kushoto, karibu kabisa, bushi (vile vipande vya bomba vinavyovaa ekseli) zionekane, alama za kukazia cheni zionekane. Picha hiyo itakuokoa. Fungua nati ya fimbo ya breki uiache fimbo ining'inie (kile kispringi kidogo na kipini kirudishe kwenye fimbo hapo hapo kabla hakijapotelea kwenye majani). Fungua ule mkono unaozuia kifuniko cha ngoma ya breki kisizunguke, mara nyingi una pini, inyooshe uitoe. Sasa legeza nati ya ekseli, uzi ukiwa mgumu panda juu ya spana kwa mguu taratibu. Vuta ekseli huku mkono mwingine umeshika gurudumu, bushi itadondoka, iangalie ni ya upande gani na iweke juu ya kitambaa, siyo chini kwenye vumbi. Sogeza gurudumu mbele, cheni ilegee, itoe kwenye sproketi (ile duara ya meno inayoshika cheni) uining'inize pembeni. Pikipiki nyingine sproketi ina nati yake ya pekee na inabaki pale pale na cheni yake, gurudumu linachomoka peke yake, hiyo ni rahisi kabisa.

Gurudumu likigoma kuchomoka kwa sababu tairi linagusa madigadi, inamisha pikipiki kidogo kwa upande, mtu akusaidie kuishika.

Kutoa tyubu

Fungua kipini cha valvu upepo wote utoke, fungua ile nati ya valvu inayokaa kwenye rimu. Laza gurudumu chini juu ya kitambaa au gunia, kanyaga tairi pembeni ya rimu kwa kisigino, zunguka duara zima, geuza upande wa pili fanya tena, mpaka ukingo wa tairi umeachia rimu. Tairi lililokaa miaka linagoma, mwaga maji ya sabuni uendelee kukanyaga.

Sasa siri ya kazi yote ya tairi, na hii ukiielewa hutatumia nguvu tena. Rimu katikati ina bonde. Ukingo wa tairi hautanuki kwa sababu una waya, kwahiyo ili utoke upande mmoja lazima upande wa pili uwe umeshuka ndani ya lile bonde. Unaanzia kwenye valvu na leva zako, huku upande unaotazamana na valvu umeukanyaga kwa goti ukae bondeni. Ingiza leva ya kwanza fupi tu, isizame ikabana tyubu, inua. Ya pili vidole vinne pembeni yake, inua. Chukua kipande kidogo kidogo. Ukiona unatumia nguvu nyingi simama, upande wa pili umetoka bondeni, ukanyage tena. Mara tatu nne hivi tairi lote linaachia kama kuvua kiatu.

Sukuma valvu ndani, vuta tyubu nje, na kumbuka ilikaa upande gani. Mimi nachora alama kwenye tairi mbele ya valvu.

Kutafuta tobo na kutafuta mwiba

Jaza tyubu upepo mpaka ivimbe mara moja na nusu ya kawaida yake, pitisha polepole karibu na midomo na shavu, ngozi ya uso inasikia upepo mdogo kuliko mkono. Kama kuna dimbwi au ndoo, zamisha. Ukipata tobo usishangilie ukaacha, endelea mzunguko mzima, mara nyingi yapo mawili.

Halafu soma tobo linakuambia nini. Likiwa upande wa nje unaogusa tairi, ni mwiba au msumari. Likiwa upande wa ndani unaogusa rimu, ni ncha ya spoku imetokeza au ule mkanda wa mpira unaofunika spoku umehama, urudishe, hauna basi kata kipande cha tyubu ya zamani ukivishe. Matobo mawili madogo yaliyokaa sambamba maana yake ulipiga shimo upepo ukiwa mdogo, tyubu ikabanwa kati ya rimu na tairi, dawa yake ni upepo wa kutosha.

Sasa laza tyubu juu ya tairi, valvu ikae kwenye ile alama, tobo litakuonyesha eneo la kutafuta. Usipitishe vidole, pitisha kitambaa, pande zote mbili, kwenda na kurudi, kwa sababu mwiba umelala na unakwama ukija kwa upande mmoja tu. Kikikwama likunje tairi kwa nje mahali hapo, mpira utafunguka, chomoa kwa koleo. Ikiwa ncha imezama isishikike, isukume kutokea ndani kwenda nje kwa ncha ya msumari. Halafu pitisha kitambaa tena. Halafu tena. Dakika 3 hizi ndizo zilizonigharimu siku nzima kule Mpwapwa.

Kuziba

Kama una tyubu mpya weka mpya, ya zamani utaiziba nyumbani kwa nafasi. Kama huna, kausha eneo kabisa, sugua kwa msasa mpaka ule mng'ao uishe na paonekane weusi wa kufifia, eneo kubwa kuliko kiraka kwa upana wa kidole pande zote. Kama tobo lipo kwenye ule mstari wa mshono wa tyubu, usugue mstari mpaka uwe tambarare, la sivyo upepo utapita chini yake. Paka solusheni nyembamba, siyo bonge. Kisha subiri. Hapa ndipo viraka vingi vinapofia: watu wanabandika solusheni ikiwa mbichi. Subiri kama dakika 5, ukigusa pembeni kwa nyuma ya kidole isikunate. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Toa karatasi ya kiraka bila kugusa upande wa gundi, weka katikati ya tobo, kandamiza kutoka katikati kwenda pembeni, halafu gonga na kusugua kwa kitako cha spana juu ya jiwe laini. Nyunyiza vumbi laini kavu au poda pembeni ili gundi iliyozidi isinate na tairi.

Kwa fundi utakutana na pancha ya moto, ile wanabana kiraka kwa chuma, juu wanaweka pistoni ya zamani wanachoma petroli kidogo ndani yake mpaka mpira uive. Ikifanywa vizuri inadumu sana, inashikana na tyubu kuwa kitu kimoja. Wewe simama hapo uangalie vitu viwili tu, asiunguze tyubu ikawa ngumu kama ngozi kavu, na aiache ipoe kabla ya kuitoa. Na kwa adabu kabisa mwambie "fundi, naomba tuangalie tairi ndani kwanza." Bei mpatane kabla hajafungua, hasa usiku.

Kurudisha

Jaza tyubu upepo kidogo tu, ishike umbo, isijikunje. Iingize, valvu itokeze, nati yake ifungie juu juu isikaze. Sasa unaanzia upande unaotazamana na valvu na unamalizia kwenye valvu. Sukuma ukingo kwa viganja na magoti, paka sabuni, kipande cha mwisho ndipo leva, na leva fupi tu. Kabla ya kuinua mara ya mwisho sukuma valvu kwenda juu kwa kidole ili tyubu isibaki imebanwa chini ya ukingo. Tyubu nyingi mpya zinatobolewa hapa, kwenye inchi 4 za mwisho, kwa haraka.

Jaza mpaka usikie ukingo unakaa, toa upepo wote, jaza tena. Kule kutoa na kujaza kunanyoosha mikunjo ya tyubu. Angalia ule mstari mwembamba kwenye ubavu wa tairi kama uko umbali sawa na rimu mzunguko mzima. Pikipiki nyingi za daraja hili zinataka mbele psi 25, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria, ila soma karatasi iliyobandikwa kwenye pikipiki yako au kitabu chake. Kubonyeza kwa kidole gumba siyo kipimo, nunua kageji ka kupimia upepo.

Rudisha gurudumu kwa kufuata ile picha: cheni, bushi, ekseli, alama za kukazia cheni ziwe sawa kulia na kushoto, cheni iwe na mchezo wa kama sentimita 2 na nusu hadi 3 katikati. Kaza nati ya ekseli kwa nguvu, funga mkono wa ngoma na pini yake, usiusahau huo, ukiusahau siku ukibana breki kile kifuniko cha ngoma kinazunguka na kung'oa kila kitu. Funga fimbo ya breki, kanyaga mara tatu nne gurudumu likiwa hewani, lizungushe, linabana na kuachia? Haya.

Tyublesi ni fupi: hushushi chochote. Chomoa msumari, safisha tobo kwa kile chuma chenye meno, chomeka utambi wa mpira uliopakwa gundi, vuta chuma, kata utambi uliozidi, jaza upepo. Inafanya kazi kwenye sehemu inayokanyaga ardhi tu, ubavuni usijaribu, ubavu ukichanika ni tairi jipya. Na ile dawa ya majimaji ya kuweka ndani inasaidia vitobo vidogo vya miiba, ila kwenye tyubu ukija kutaka kuweka kiraka inabidi usafishe na kukausha sana, la sivyo kiraka hakishiki.

Tyubu ikishafikisha viraka vinne vitano, iache ipumzike. Tairi likishaisha meno kila mwiba unaingia, hapo utaziba mpaka uchoke.

Ukishaondoka nenda kilomita 2 za kwanza taratibu bila kukimbia, simama, gusa upepo, gusa nati ya ekseli. Ukifika nyumbani kaza tena kila ulichokifungua, na kesho asubuhi kabla hujawasha pima upepo: ukiwa umeshuka hata kidogo, kitambaa kinarudi ndani ya tairi.